Godoro Lenye Jani la Kijani

Binti yangu aliposhika mimba yake ya kwanza, sikumwuliza arobaini ya uzazi atakaa wapi. Kwetu swali hilo haliulizwi. Mtoto siku hizi huzaliwa hospitali, lakini mzazi wa mara ya kwanza hurudi kwa mama yake akakandwa, akalishwa, akalala mpaka arobaini iishe. Mimi nilikaa kwa mama yangu, naye alikaa kwa mama yake. Kwa hiyo tumbo lake halijaonekana vizuri nilishaanza kuondoa marobota ya vitambaa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yangu, hapa Likoni. Aliponipigia simu kutoka Kisauni, alikoolewa, akasema kuna jambo kuhusu kulala, nilidhani anataka kitanda kikubwa zaidi.

"Si kitanda, Mama," akasema. "Ni godoro."

Binti yangu ana pumu tangu mdogo. Ikimshika, kifua chake hupiga mluzi ambao ukishausikia kwa mtoto wako hutausahau maisha. Mimba ilikuwa imeizidisha, na daktari wa kliniki alimwonya achunge sana anapolala: vumbi, harufu kali, na sponji mpya zinazonuka dawa. Naye, kama watoto wote wa siku hizi, akatoka kwa daktari akaenda kumwuliza simu, na simu ikampa neno.

"Tafuta la oganiki, Mama. Liwe na cheti chake." Kisha akaongeza taratibu, kama mtu apitaye kwenye sakafu iliyopigwa deki, kwamba mama mkwe wake amesema hata akibaki kwao hapana neno, chumba kipo na godoro lipo.

Hapo nikaelewa vizuri. Nikipata godoro ambalo kifua chake kitalikubali, binti yangu anakuja kwangu na mjukuu wangu wa kwanza. Nisipolipata, anabaki Kisauni. Sina ubaya na yule mama mkwe wake. Ni mtu mpole, nyumba yake ina vigae mpaka uani na sijapata kumsikia akipandisha sauti. Lakini arobaini ya binti yangu ilikuwa yangu, na nilikuwa tayari kugombana na dunia nzima kwa ajili yake.

Shida ni kwamba sikujua oganiki ni nini. Nilijua ni neno la mboga. Kuna bwana mmoja huuza mchicha kando ya njia na kuuita hivyo, na mchicha wake una mashimo mengi kuliko wa wengine. Godoro nalo lina mashimo? Sikuwa na wa kumwuliza bila kuchekwa.

Tena mimi ni mtu wa kutoamini lebo, na nina sababu. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Wenye maduka huniletea vitambaa, na pamoja na vitambaa huniletea mfuko wa vijilebo vilivyoandikwa pamba tupu. Nikikishika kitambaa kwa vidole viwili najua pamba imo kiasi gani na tetroni ya plastiki kiasi gani, na lebo haijawahi kuniuliza maoni yangu. Najua lebo hufikaje kwenye nguo. Hushonwa, na mara nyingi mshonaji ni mimi.

Duka la kwanza lilikuwa hapa hapa karibu na soko. Muuzaji alikuwa mtu wa bara, mchangamfu, magodoro yamesimamishwa mpaka nje barabarani yakipigwa na vumbi la magari.

"Mathe, karibu. Hapa kila kitu ni oganiki."

"Yote?"

"Yote kabisa. Hata hiyo ya maua."

Nikalisogelea hilo la maua. Kwenye ubavu wake kulikuwa na jani la kijani limechapwa ndani ya duara. Nikamwuliza jani hili limetiwa na nani.

"Kampuni, mathe."

"Na hiyo kampuni imekaguliwa na nani?"

Akafikiri. "Si kampuni yenyewe?"

Nikainama nikalinusa lile godoro. Lilinuka rangi ya mlango. Nikamwambia ahsante, nitarudi inshallah, inshallah ile ambayo kila muuzaji wa pwani anaijua maana yake, ingawa yule wa bara alifurahi akanipa na namba yake ya simu.

Nikaingia duka jingine, na jingine. Nilikutana na majani ya kila namna. Jani moja, majani mawili, jani lenye tone la maji, kiganja kimebeba mti. Lebo moja ilisema asilia, nyingine ikasema rafiki wa mazingira, nyingine ikasema imepimwa, bila kusema imepimwa kitu gani wala matokeo yalikuwaje. Mtu anaweza kupimwa malaria akakutwa nayo, na bado akawa amepimwa. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma na nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka.

Dada yangu mkubwa, ambaye tunaishi ukuta kwa ukuta, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanihurumia waziwazi.

"Wajisumbua bure," akasema. "Wataka kitu cha asili? Sufi. Sufi yatoka mtini, yachambuliwa kwa mkono, yatiwa kwenye foronya ya kitambaa cha marekani, basi. Hakuna dawa, hakuna kiwanda. Hiyo oganiki yenu ndiyo sufi."

Na alikuwa anasema kweli. Nilikaa nikaitafuta kasoro katika maneno yake nisiione. Isipokuwa kwamba binti yangu alipokuwa mdogo, kila alipolala kwenye godoro la sufi la mama yetu, alfajiri tulikuwa tunambeba mbio kumpeleka kwa daktari. Sufi ikizeeka hutoa vumbi jembamba, na vumbi hilo ndilo lilikuwa likimziba. Kwa hiyo kitu kilichokuwa cha asili kuliko vyote nilivyowahi kulalia ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote kwa mtoto wangu. Nilipomkumbusha dada yangu, akasema sufi ya zamani ilikuwa imechambuliwa vibaya. Nikaacha, maana dada yangu hashindwi.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa sawasawa. Mwanzo sikujua oganiki ni nini. Sasa nilianza kujua ni nini, lakini nikawa sijui ni ya nini.

Jirani mmoja akanielekeza duka moja upande wa Changamwe, kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege, la mzee ambaye baba yake na babu yake waliuza vitanda kabla yake. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza, kofia yake safi, feni inampepea.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Karibu ukae."

Sikukumbuka mara ya mwisho muuzaji kunikaribisha kiti. Nikakaa. Akaagiza kahawa, akauliza habari za Likoni, na kivuko kina hali gani siku hizi, na hapo tena ndipo akauliza, "Haya, wataka la kulalia nani?"

Nikamweleza. Hakuniambia yote ni oganiki. Aliinuka akanipeleka kwenye godoro moja, akanishika mkono akanionyesha alama zilizoshonwa pembeni, akazisoma moja moja kwa kidole.

"Hii yenye namba yasema pamba ya hiki kitambaa imelimwa bila dawa za wadudu, na walioisokota na kukifuma wamekaguliwa. Hiyo ndiyo oganiki yenyewe. Lakini ni ya kitambaa. Ndani si habari yake."

"Na ndani?"

"Ndani ni sponji. Sponji hutokana na mafuta, haiwezi kuwa oganiki hata ukiisomea dua. Ila hii alama ya pili, nayo ina namba, yasema sponji imepimwa, haitoi mvuke wa kudhuru kupita kipimo walichokiweka. Basi si oganiki, lakini ni heri kuliko isiyopimwa."

"Na hii ya tatu?" Ilikuwa jani, kubwa kuliko zote.

"Hiyo ni picha."

"Ya nini?"

"Ya jani."

Nikacheka mpaka nikapaliwa na kahawa. Akanifundisha kwamba alama yenye namba ina mwenyewe, na namba ile unaweza kuitafuta kwa aliyeitoa ukaona ni ya kiwanda gani na ya bidhaa gani. Isiyo na namba ni pambo tu. Nilimsikiliza kwa makini sana, nikajiona mwanafunzi mzuri, kisha nikamwuliza lile nililokuja nalo. Mtu wa pumu achukue lipi?

Mzee akavua miwani. "Hapo mimi huishia, mwanangu. Hizi alama zinazungumza habari za shamba na kiwanda. Kifua cha binti yako sioni pahali kimetajwa. Mimi nasoma hicho hicho unachosoma wewe."

Nilitamani angenidanganya kidogo. Nilikuwa nimevuka maji na joto lote lile ili mtu aniambie chukua hili, lile acha, na badala yake nimepewa ukweli, ambao sikujua niulalie vipi.

Mwisho alinionyesha moja la utomvu wa mti wa mpira, limevikwa pamba, na vyote viwili vina alama zenye namba. Akanionya vilevile kwamba wako watu mpira wenyewe huwadhuru. Nikampigia binti yangu pale pale. Akasema mpira haujawahi kumsumbua, kliniki humpima kwa glavu za mpira kila mara. Nikaingiza zile namba kwenye simu, nikaona jina la kiwanda, nikaona magodoro yametajwa, nikaona pia kwamba cheti kinakwisha mwakani.

"Mwakani litaacha kuwa oganiki?" nikamwuliza mzee.

"Cheti ni cha kiwanda, mwanangu, si cha godoro. Kiwanda ndicho hukaguliwa tena. Godoro lako likishatoka limetoka."

Nikalinunua. Bei yake siisemi, kwa sababu mpaka leo dada yangu haijui.

Lilipofika nyumbani lilinuka kama mpira wa baiskeli mpya. Nikalisimamisha uani kivulini, nikaligeuza asubuhi na jioni, nikawa nalinusa kila nikipita mpaka majirani wakaanza kuniangalia. Harufu ilipungua, ikapungua, ikaisha. Nikaosha chumba, nikatoa pazia zito, nikafuta dirisha. Nikampigia binti yangu nikamwambia aje alione kabla siku zake hazijafika. Sauti yake ilinipa raha. Alisema anakuja kesho, na kwamba akilala mchana mmoja bila kubanwa basi ameshamaliza, arobaini ni kwangu.

Kesho yake dada yangu akaja mapema kunisaidia kutandika. Akasimama katikati ya chumba, akavuta pumzi.

"Chumba cha mzazi hakinuki kitu?"

Wallahi, hata sikufikiri. Kwetu kitanda cha bibi harusi hufukizwa, na kitanda cha mzazi hufukizwa, na nguo za mtoto hufukizwa, na chumba kisichofukizwa ni chumba cha mgonjwa au cha mtu asiye na wenyewe. Dada yangu alileta chetezo, akatia makaa, akatia udi wake mzuri ule anaoufungia kabatini. Mimi nikaliinua godoro upande mmoja ili moshi upite chini, yeye akakizungusha chetezo taratibu, kisha nikaliinua upande wa pili. Tukafunga dirisha ili ushike vizuri. Chumba kikanukia mpaka nikasikia machozi ya furaha yananilenga. Wiki nzima nimeuliza watu wazima maswali kuhusu mvuke, dawa na viwanda, na nilisimama pale katika moshi nikaona mambo yote sasa yako sawa.

Binti yangu alifika na mumewe, tumbo limetangulia, kanga kichwani, anacheka tangu mlangoni. Akanibusu mkono, akamwamkia mamake mkubwa, akaja moja kwa moja kwenye chumba. Nikafungua mlango kwa madaha.

Hakuvuka kizingiti. Nilimwona anasimama, anaishika fremu ya mlango, anajifunika pua kwa kanga. Kisha nikausikia ule mluzi.

Mumewe alimtoa nje, akampa kile kipampu chake cha dawa akavuta, akavuta tena. Alikaa uani kwenye kiti cha plastiki, mabega yanapanda na kushuka, na mimi nimesimama mbele yake na mikono ambayo sikujua niiweke wapi. Dada yangu alibaki mlangoni na chetezo mkononi, hajui akizime au akifiche. Baada ya muda mrefu kifua kikatulia kidogo.

"Mama," akasema, "umelitia udi?"

"Tumelifukiza tu."

Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali. Aliniangalia kwa huruma ile ile niliyoangaliwa nayo na dada yangu katika habari za sufi.

Nilijaribu kuokoa. Foronya niliifua mara nyingi nisizozihesabu, godoro nikalirudisha uani. Lakini pamba safi ile, ambayo haina dawa hata moja ya kugombana na kitu, ilikuwa imeupokea udi kwa moyo mmoja. Kila jua lilipolipiga, uani kwangu kukanukia harusi. Dada yangu akajitetea kwamba udi nao unatoka mtini. Kila kitu katika habari hii kilitoka mtini, na nilikuwa nimechoka na miti.

Binti yangu alijifungua Kisauni, mtoto wa kike, salama. Akatoka hospitali akaenda kwa mama mkwe wake. Jambo hilo liliniuma, sitaki kulipamba. Nilinuna siku nzima, nikashona shati la shule mikono miwili upande mmoja. Kisha nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikachukua mafuta ya kukandia na pilipili manga ya uji, nikaenda. Kama mtoto haji kwa mama, mama atakwenda, watu waseme watakavyo. Kukaa kwa mkwe wako kama mgeni ni jambo la aibu kwetu, unakula umejikunyata na unaomba ruhusa hata ya maji ya kuoga, lakini nilikwenda.

Mama mkwe wake alinipokea mlangoni mwenyewe, akauchukua mzigo wangu. "Karibu, mkwe wangu. Nilisema hutakawia." Akanipeleka chumbani kwa mzazi.

Binti yangu alikuwa ameketi kitandani na mtoto mapajani. Nilipokaa karibu naye kitanda kikapiga kelele ya karatasi. Nikainua shuka. Godoro lilikuwa sponji ya kawaida kabisa, ya maua, na lilikuwa bado limo ndani ya nailoni yake ya dukani, imefungwa na utepe kila upande.

"Mbona hamkulivua?" nikauliza.

"Nililiacha lisichafuke," akasema mama mkwe wake kwa haya kidogo. "Uzazi una mambo. Nilitaka kulivua, yeye akakataa."

"Daktari amesema liachwe hivyo hivyo, Mama," binti yangu akasema. "Vumbi halipiti, harufu haitoki. Joto tu ndilo linaniudhi, nalala natoka jasho. Lakini nalala."

Nikaishika ile nailoni kwa vidole viwili, kama nishikavyo kitambaa. Hakuna kitu cha mti ndani yake. Haikuwa na jani, haikuwa na namba, na hakuna aliyeikagua. Sikuelewa, na nilikuwa nimeshajitahidi sana kuelewa. Nikatamani kukasirika, nikatazama mmoja mmoja chumbani nikakosa wa kumkasirikia.

Mchana ule mama mkwe wake alituachia chumba akaenda kupika. Mtoto alilala, na binti yangu akalala ubavu akinipa mgongo, kama alivyokuwa akilala utotoni. Nikajinyoosha nyuma yake, nailoni ikilalamika chini yangu, nikaweka sikio mgongoni kwake. Nilisikiliza kwa muda mrefu. Pumzi iliingia ikatoka, ikaingia ikatoka, hakuna mluzi, hakuna kitu, katika nyumba ya mwanamke mwingine. Nikalia taratibu nisiwaamshe, kwa furaha na kwa wivu, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kingi.